Maji ya Kuaga

Mimi nina hasira za karibu, na sioni kwa nini nifiche. Ukiniudhi asubuhi, mchana nimeshakusamehe, lakini hapo katikati utanijua. Kwa hiyo usitarajie nikusimulie habari hii kwa upole, hasa zile sehemu zinazonihusu mimi mwenyewe, maana katika watu wote waliomo humu sijamkasirikia mtu kama nilivyojikasirikia.

Bonde zima linaniita Shangazi. Hata mwenyekiti wa ushirika, mwalimu mstaafu aliyenizidi miaka saba na mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, naye ananiita hivyo. Jina lilianza kwa binti wa kaka yangu, likaenea kama mafua. Na mizabibu nayo ilianza kwa kaka yangu, ikaenea vivyo hivyo.

Leo ukisimama kwenye ngazi za ghala letu utaiona kuanzia barabara ya lami mpaka kwenye mawe ya juu kabisa: mistari, nguzo, waya na majani. Miaka ishirini iliyopita kule juu palikuwa na mbigili tu. Kaka alirudi kutoka kibaruani, mbali huko, na vijiti sita vilivyofungwa ndani ya gunia bichi. Nilidhani ni kuni. Nikamwambia kama huo ndio mshahara wake basi mwajiri wake ni mwendawazimu, na yeye aliyeupokea ni wa pili. Alivipanda nyuma ya bafu, pale yanapotokea maji ya kuogea. Vitatu alivipanda kichwa chini miguu juu, vikakauka. Vitatu vikashika. Wakubwa wakija hapa na magari yao tunawaambia maneno marefu kuhusu mipango na maendeleo, lakini asili ya bonde hili ni vijiti vitatu na maji ya sabuni.

Mwanzoni walitucheka. Mwaka wa tatu, zabibu zilipoiva, waliacha kucheka wakaanza kuomba. Kila tukipogoa, watu wamejipanga mlangoni kuchukua matawi tuliyoyakata. Kaka hakumnyima mtu. Yeye hakuishi sana, Mungu amrehemu, aliondoka binti yake akiwa darasa la tatu, lakini aliondoka akiwa ameshaona mashamba kumi na saba. Sasa yako zaidi ya mia mbili. Kinyozi wetu amegeuka bingwa wa kupandikiza kwa sababu mkono wake hautetemeki. Msimu wa kupandikiza ukifika hunyolewi ng'o, utabaki na kichaka chako mpaka amalize. Fundi cherehani amesahau sare za shule, anashona nyavu za kuzuia ndege. Duka la vifaa linauza waya kuliko misumari. Na mimi, ambaye nilidhani ni kuni, nina mistari arobaini.

Tulikuwa tukiviuza vichala vyote kwenye kiwanda kimoja cha mbali. Kila msimu lilikuja lori, na pamoja na lori alikuja mnunuzi, bwana mwembamba mwenye miwani, tuliyempa jina la Bwana Mizani. Alikuwa na adabu. Alikunywa chai yetu, akatuuliza habari za watoto, kisha akaning'iniza kreti moja moja kwenye mizani yake na kuandika. Tulilipwa kwa uzito. Utamu, rangi, harufu, hayo hakuna aliyeyauliza. Uzito tu.

Sasa nifike pale nisipopapenda. Mwaka wa kwanza wa lori, niligundua kwamba ukiifungulia mizabibu maji siku mbili kabla ya kuvuna, asubuhi mpaka jioni bila huruma, punje zinavimba. Zinang'aa, zinakaza ngozi, na kreti inakuwa nzito mpaka mbebaji analalamika. Niliita kazi hiyo kuaga, kwa sababu ni maji ya mwisho mti unayopewa kabla ya kuvuliwa mzigo wake. Nilimwambia jirani yangu peke yake, na nilimwapisha. Nilijiona mjanja kupindukia. Kwa miaka kumi na minne niliaga, na kila mara Bwana Mizani alipoandika namba yake mimi nilikuwa najifuta midomo kwa kanga ili asione ninavyotabasamu.

Binti wa kaka yangu hakujua. Nilimlea mimi, lakini msimu wa kuvuna ulimkuta kila mara yuko shule ya bweni, halafu chuoni. Alisomea divai. Ndiyo, kuna watu wanasomea divai miaka mitatu na kufanya mitihani. Alipomaliza alikaa mwaka mmoja kule kule kiwandani, kisha akarudi nyumbani na begi moja na kitu kama darubini ndogo ya shaba, ambacho alikitunza kuliko viatu vyake. Unadondosha tone la maji ya zabibu kwenye kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unachungulia, na ndani unaona mstari unaokwambia sukari imefika ngapi. Bonde likampa jina siku hiyo hiyo: Bi Kipimo.

Alikuja na wazo moja na hakuna aliyeweza kulitoa kichwani mwake.

"Shangazi, kule kiwandani wanasema bonde letu lina udongo mbaya," aliniambia, tunakunja mashuka uani. "Wanasema zabibu zetu ni nyingi lakini divai yake nyepesi, haina kitu. Wanaichanganya na za kwingine ili ipotee humo."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema si kweli. Nimezila zabibu hizi tangu nina meno ya utoto. Nitatengeneza divai hapa hapa, iandikwe jina la bonde kwenye chupa, tuone."

Nilivuta ncha za shuka langu nikaendelea kukunja. Wallahi sikuunganisha mambo hayo mawili. Mtu anaweza kuwa na akili ya kuongeza uzito na asiwe na akili ya kujiuliza uzito wa nini.

Alizunguka nyumba kwa nyumba miezi mitano mpaka ushirika ukakubali. Ghala letu la mbolea lilipigwa deki mara sita. Yakanunuliwa matangi matatu ya chuma cha pua kutoka kwa wauza maziwa waliofunga biashara, na kinu cha kukamulia ambacho seremala alikitengeneza upya mbao zake zote. Lakini Mwalimu, mwenyekiti wetu, aliweka sharti, na aliliweka kwa kalamu nyekundu: msimu mmoja tu. Divai ikipita kwa waonjaji wa bodi ya divai ya serikali na kupewa ruhusa ya kubeba jina la bonde, tunaendelea. Isipopita, matangi yanauzwa, sisi tunarudi kwenye lori, na Bi Kipimo anarudi kiwandani, ambako walimwambia kiti chake hakijakaliwa na mtu. Aliweka saini bila kusoma mara ya pili.

Jumatatu moja alipita mashambani akichungulia kidude chake, akarudi anaruka ruka kama mwanafunzi aliyesikia shule imefungwa.

"Ishirini na tatu, Shangazi! Kila shamba! Alhamisi tunavuna, na shamba lako ndilo la kwanza."

Tulikumbatiana. Tuliimba. Jumanne asubuhi nikaamka, nikafunga kanga yangu kiunoni, nikaenda shambani, na mkono wangu ukafungua koki.

Nimejiuliza mara elfu nilikuwa nafikiri nini, na jibu la kweli ni kwamba sikuwa nafikiri. Miaka kumi na minne mkono umefungua koki ile siku mbili kabla ya kuvuna; mkono hauulizi. Tena nilijisemea, wacha ziwe nono, mtoto apate zabibu nzuri. Jumanne kutwa, Jumatano kutwa. Maji yalitiririka na mimi nilikuwa nimekaa kivulini nanoa makasi, nimeridhika na dunia.

Alhamisi tulianza kukata jua likichomoza. Saa tatu asubuhi kreti zangu zilikuwa zimeshapangwa sakafuni ghalani, na nyuma yangu wenye mashamba mengine saba walikuwa wanashusha za kwao. Zabibu zilipendeza! Nono, zinang'aa, kila punje kama imepakwa mafuta. Bi Kipimo alichukua punje moja katikati ya kichala, akaiminya kwenye kioo, akageukia dirishani akachungulia.

Akafuta kioo kwa ncha ya shati. Akachukua punje nyingine, kreti nyingine. Akachukua kutoka kwa jirani yangu, akachukua kutoka kwa Mwalimu. Kisha akadondosha maji safi ili aone kama kidude kimeharibika. Kilisoma sifuri, kama kinavyotakiwa. Kilikuwa kizima kabisa.

"Kumi na tisa," alisema taratibu.

"Ni nyingi hiyo?" aliuliza kinyozi.

"Jumatatu ilikuwa ishirini na tatu. Kwa kumi na tisa hakuna divai. Ni maji yenye rangi."

Mwalimu alikohoa kikohozi kile cha darasani. "Labda Jumatatu ulisoma vibaya, mwanangu. Jua kali, uchovu..."

"Mashamba yote?"

"Inawezekana. Kusoma ni kusoma, lakini uzoefu nao..."

Hakumaliza, na hakukuwa na haja. Niliona uso wa yule mtoto unavyobadilika. Alikuwa anaamini. Alikuwa anajirudisha Jumatatu, shamba kwa shamba, anatafuta alipokosea. Midomo ilianza kumcheza kama alipokuwa na miaka minane.

"Nimekosea," alisema. "Nimewavunisha mapema. Mwalimu, piga simu kiwandani. Walete lori kabla hazijaharibika. Mimi nitaandika barua yangu."

Niliangalia watu. Hapo ndipo nilipoona jambo la ajabu: hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama. Watu wazima saba, kila mmoja anasoma viatu vyake kana kwamba vimeandikwa habari. Nikajua. Na nikajua kwamba kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Haya, hasira zikanipanda, na kwa kuwa aliyenikasirisha nilikuwa mimi, hapakuwa na pa kukimbilia.

"Hujakosea," nilisema. "Nimeaga."

"Umemuaga nani?"

"Mizabibu. Nimeifungulia maji Jumanne na Jumatano, kutwa. Ndivyo tunavyofanya kabla ya lori, ili ziwe nzito. Nimefanya bila kufikiri. Hiyo ishirini na tatu yako iko humo humo, mwanangu, ila nimeizamisha."

Bi Kipimo alikiweka kidude chake juu ya kreti.

"Kila mwaka?" aliuliza.

"Kila mwaka. Tangu mwaka wa kwanza wa lori."

"Kwa hiyo ada yangu ya shule..."

"Nyingine ilikuwa zabibu," nilisema.

"Nimesomeshwa kwa maji!"

Jirani yangu alikuwa wa kwanza kupasuka. "Mimi pia nimeaga," alisema huku akifunika uso. Kinyozi akasema yeye Jumatano tu, nusu siku, kana kwamba nusu siku ni sadaka. Mwalimu, mzee wa kalamu nyekundu, alivua kofia akasema yeye alianza Jumatatu jioni ile ile.

"Jirani," nikasema, "si nilikuapisha wewe?"

"Uliniapisha. Nilimwambia dada yangu tu, naye nilimwapisha."

"Na mimi nilimwambia mume wangu tu," alisema dada mtu kutoka nyuma.

"Na mumeo akaniambia mimi wakati namnyoa," alisema kinyozi. "Mtu akiwa na wembe shingoni hafichi kitu."

Watu wakaanza kucheka, kicheko cha aibu, kile kinachotokea puani. Lakini Bi Kipimo hakucheka. Alipanda juu ya kreti tupu, na huyo mtoto ni mfupi, kwa hiyo hata juu ya kreti alikuwa analingana na Mwalimu.

"Mwaka mzima nimekaa kule naambiwa udongo wa kwetu mbaya," alisema. "Nimebishana na wakubwa. Nimeitwa kichwa kigumu mbele za watu. Nimeweka saini nikiutetea huo udongo. Kumbe ubaya si wa udongo, ni wenu!"

Nilistahili, nikayapokea. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshafuta macho na kuanza kutoa amri. Hapo nilimjua kuwa ni damu yetu: hasira za karibu, na kazi haingoji ziishe.

Amri ya kwanza: kukata kusimame, zabibu zilizobaki mitini zisiguswe mpaka udongo ukauke. Ya pili: kila mwenye shamba alete mpini wa koki yake. Mpaka saa saba mchana ndoo ilikuwa imejaa mipini, naye akaifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Ya tatu ilihusu kreti tulizokwishavuna, maana kichala kikishakatwa hakirudi mtini.

"Tutazianika," alisema. "Kivulini, penye upepo, safu moja moja, kichala kisimguse mwenzake. Maji tuliyoyaingiza yatoke yenyewe."

"Tutazianika juu ya nini?" aliuliza Mwalimu. "Hizi ni kreti sitini na kitu."

"Juu ya chochote kilichonyooka."

Ungeliona bonde letu wiki ile ungedhani tumehamishwa na serikali. Milango iling'olewa bawabani. Vitanda vilitolewa magodoro vikapangwa barazani. Mwalimu alileta ubao wake mweusi wa zamani na meza ya kulia chakula, akawa anakula amepakata sahani. Fundi cherehani alifunika kila kitu kwa nyavu zake dhidi ya ndege, na chini ya nyavu tulipita tumeinama, tukigeuza vichala kimoja kimoja kwa ncha za vidole, tukitupa vilivyoota ukungu. Tulitaniana kutwa. Mtu akipita na kikombe cha maji tu, wanamzomea: "Huyo anakwenda kuaga!" Mimi nilitaniwa kuliko wote, na nilikubali, maana ukishakuwa chanzo cha balaa huna haki ya kununa. Basi nilinuna mara mbili tu.

Kazi ngumu ilikuwa kungoja zile za mitini. Siku kumi na mbili, alisema Bi Kipimo, kama mvua haitanyesha. Siku ya tisa wingu likajitokeza nyuma ya mawe ya juu, jeusi, limekaa kama mgeni asiyeaga. Niliacha kazi nikasimama uani nikalitukana. Nililitukana kwa sauti, na wote waliokuwapo wakaniacha, pengine wakiona kwamba katika jambo hili hasira zangu zina faida. Mvua ilinyesha, ndiyo, lakini ng'ambo ya pili ya kilima, kwenye viazi vya watu wengine. Mwalimu alikuja kunipongeza kwa mkono.

Siku ya kumi na mbili Bi Kipimo aliingia kati ya mistari yangu, akachukua punje, akachungulia. Akanipa kile kidude bila kusema. Sikuwa nimewahi kukishika kabla ya hapo. Niliona mstari umesimama kwenye ishirini na nne, nikakaa chini kwenye mchanga nikachungulia tena.

Tulivuna siku tatu. Zile za vitandani nazo zilikuwa zimenywea na kuwa tamu mpaka zinanata vidole. Zote ziliingia matangini. Kisha zikaanza kuchacha, na kwa wiki nzima ghala lilikuwa linachemka lenyewe kama chungu, na sisi tulipokezana asubuhi na jioni kuyazamisha maganda kwa mpini wa mti, maana yanapenda kuelea juu na kukauka. Baada ya hapo kukamuliwa, kutulizwa, kungojwa. Miezi saba. Bi Kipimo alionja kila Ijumaa na hakuna aliyeweza kusoma uso wake.

Hatimaye bodi ikaleta barua: mwonjaji anakuja Jumanne. Tukapanga meza ghalani, kitambaa cheupe, glasi kumi na mbili za kuazima, mkate. Watu walijaa mpaka ngazini. Gari likasimama, mlango ukafunguliwa, akashuka bwana mwembamba mwenye miwani.

Alikuwa Bwana Mizani. Amestaafu kiwandani, sasa anaonjea bodi. Alitusalimu mmoja mmoja, akauliza habari za watoto. Sijui wenzangu, lakini mimi niliona kanga yangu inanibana.

Bi Kipimo alimimina. Yule bwana aliinua glasi kwenye mwanga, akanusa, akavuta funda dogo, akalizungusha mdomoni macho amefumba. Akanywa tena. Akaweka glasi mezani, akatoa kitambaa akafuta miwani yake polepole sana.

"Hii ni divai," alisema. "Divai hasa. Inatoka wapi?"

"Hapa," alisema Bi Kipimo.

"Hapana, binti yangu. Zabibu. Mmezitoa wapi?"

"Hapa hapa. Mashamba yote haya unayoyaona."

Alitikisa kichwa, tena kwa huzuni, si kwa ubaya. "Sheria ni kali. Chupa ikibeba jina la mahali, zabibu ziwe za mahali hapo. Nimenunua zabibu za bonde hili miaka kumi na minne. Nazijua. Udongo huu hauwezi kutoa kitu hiki. Siwezi kuweka sahihi."

Bi Kipimo alimletea daftari la mavuno, tarehe, namba za kila shamba. Alilitazama kwa heshima akalifunga.

"Daftari hata mimi naweza kuandika," alisema, akaanza kukunja karatasi yake.

Yule mtoto alinigeukia. Hakuniomba kitu. Alinitazama tu, kisha akaangalia matangi yake, na nikaona anayaaga moyoni. Ushahidi ulikuwapo mmoja tu duniani, na ulikuwa mdomoni mwangu. Kuwaambia watu wa nyumbani ilikuwa kitu kimoja. Kumwambia mtu uliyemwibia miaka kumi na minne, uso kwa uso, amekunywa chai yako, ni kitu kingine. Mwalimu alihisi ninachotaka kufanya, akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikamkanyaga na mimi, na mimi nina kisigino.

"Bwana," nilisema, "ulikuwa hununui zabibu. Ulikuwa unanunua maji." Nikamwambia yote, koki, siku mbili, uzito, kanga mdomoni. Sikupunguza kitu. "Divai ilikuwa nyepesi kwa sababu yangu. Kama ni kushtaki nishtaki mimi, huyu mtoto hakujua lolote. Lakini udongo usiuonee."

Alivua miwani kabisa. "Miaka yote kumi na minne?"

"Yote."

"Wewe peke yako?"

Nyuma yangu nikasikia nguo zinachakarika. Nilipogeuka, mikono ilikuwa juu, mmoja mmoja, mpaka ngazini, kama watoto wa darasa la kwanza. Mwalimu alikuwa wa mwisho, lakini aliinua.

Bwana Mizani aliangalia ile mikono. Kisha sikutegemea kabisa alichofanya: akaona haya. Shingo yote ikamlegea.

"Kila mwaka divai yenu ilitoka nyepesi," alisema, "na wakubwa wananifokea mimi niliyeinunua. Sikutaka kuwakataa, ninyi watu wazuri. Kwa hiyo..." akavaa miwani yake tena. "Kwa hiyo nikawa naifinya mizani, isome pungufu. Ili kiwanda kisipate hasara."

"Ulikuwa unaifinya kiasi gani?" aliuliza Mwalimu kwa sauti ya mtihani.

"Kilo tisa katika kila mia."

Ghalani kila mtu akawa anapiga hesabu. Mimi nilishawahi kupima nyumbani, miaka ile nilipokuwa najisifu. Maji yangu yalikuwa yanaongeza kilo nane.

"Mungu wangu," nikasema. "Tumefungua koki miaka kumi na minne ili tupate hasara ya kilo moja!"

Sijui nani alianza. Nadhani kinyozi. Kicheko kilipasuka kikajaa ghala lote, kikatoka mpaka ngazini, watu wanashikana mabega, jirani yangu amekaa sakafuni, Mwalimu anajipangusa machozi kwa kofia. Bwana Mizani mwenyewe alicheka mpaka akaomba kiti. Nilimpiga mgongoni kama ndugu yangu, kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa.

Bi Kipimo peke yake hakucheka. Alingoja mpaka tumechoka.

"Miaka kumi na minne," alisema, akitutazama mimi na yule bwana, mmoja baada ya mwingine. "Wewe unaangalia mizani, na wewe unaangalia mizani. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kulionja bonde hili."

Akaikunjua ile karatasi, akailaza mezani mbele ya Bwana Mizani, akamwekea kalamu juu yake. Yule mzee aliweka sahihi, kisha akaandika jina la bonde letu kwa herufi kubwa, akalipulizia wino ukauke.

Ndipo yule mtoto akachukua glasi safi akamimina, si ya mgeni, akanipa mimi. Nilinywa nimesimama, watu wote wananitazama. Nikamrudishia glasi, nikamwambia aongeze.